Mwimbaji Aliyepima Eafoni kwa Sauti Yake Mwenyewe

Mwaka sitini na nane, nikiwa na miaka minne, mama yangu alifariki kwa uzazi, na shida ikaingia nyumbani kwetu ikatandika mkeka. Baba alikuwa mkata mkonge. Matanga yalipokwisha alirudi shambani, akaoa huko huko. Bibi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenitoa shule darasa la tatu ili nimsaidie kuuza bajia. Kwa hiyo kuandika huku nimejifunza mwenyewe, dukani, nikisubiri wateja. Anayetaka Kiswahili cha darasani akatafute kwa wengine.

Ya mama nakumbuka shingo yake na harufu ya asumini. Sauti siikumbuki hata kidogo. Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonifunga na mtu ninayetaka kumweleza, na ndilo lililonitia uchungu wake mpaka leo.

Mtaani kwetu Ngamiani alikuwa anaitwa Mwimbaji, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, aliolewa na nani na nani, sisemi. Watu wa Tanga wakikaa barazani huanzia huko na hawatoki tena. Mimi nasema alivyokuwa.

Enzi zake ndiye aliyekaa mbele katika kilabu kimoja cha tarabu hapa mjini. Mama yangu alikuwa katika wanawake waliokaa nyuma yake wakiitikia. Kilabu kiliwahi kwenda Dar es Salaam kuimba mbele ya mashine za kurekodia, na wimbo wao mmoja ukabaki. Wapigaji wakafa, kilabu kikafa, wimbo ukaendelea kutembea: kwenye kaseti, halafu kwenye sidii, halafu kwenye memori kadi, sasa uko kwenye simu. Na mimi nimeufuata hivyo hivyo. Niliuza kaseti, nikauza sidii, nikaingizia watu nyimbo kwenye simu zao, na kazi hiyo ilipokufa nikahamia kwenye eafoni, hizi spika ndogo za kutia masikioni. Leo ukitaka eafoni nzuri Tanga utaambiwa nenda kwa mama fulani, kapime kwanza, ndipo ulipe.

Huko kupima nilikuanza mimi. Wenzangu wanauza kitu kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, ukifungua umenunua. Mimi naweka mezani eafoni mbili au tatu, nawasha wimbo mmoja, nakuacha usikilize. Hii halafu ile. Ile halafu hii. Mtu mwenyewe anaijua tofauti, hata kama hana jina la kuipa.

Mwimbaji alilisikia jambo hilo akaligeuza kuwa lake.

Mzigo mpya ukifika, naye amefika. Sijui nani alikuwa anampelekea habari. Anakuja na leso zake mbili zilizopigwa pasi, wanja machoni, kikuku mguuni, mtu wa miaka sabini na kitu, anavuta kigoda changu anakaa. Hamwombi mtu. Anatoa pamba kwenye mkoba, anajisafisha masikio mbele ya wateja bila haya. Anasema Bismillahi, anatia sikio la kulia, anatia la kushoto, anafumba macho.

"Niwekee."

Hasemi niwekee nini. Ni ule wimbo wake. Fidla inatangulia, kodiani inaipokea, ngoma ya dumbaki inaingia, halafu yeye. Fidla ikilia hana habari nayo. Akifika yeye ndipo uso unabadilika. Kumbe hakuwa anapima eafoni, alikuwa anajipima mwenyewe.

"Hii imenitia mafua."

Anachomoa, anatia nyingine.

"Hii imenipa ndevu. Mimi mwanamume mimi?"

Hiyo ni ile yenye besi nyingi, wanayoipenda vijana wa bodaboda, wanaotaka kichwa kitikisike. Anatia ya tatu, zile zisizo na waya, zinazolala kwenye kisanduku chao, ghali kuliko zote mezani.

"Na hii nani huyu? Mtoto wa chuoni anasoma juzuu amma? Toa!"

Yote hayo anasema kwa sauti ya juu, kwa sababu masikio yameziba na hajui anavyopiga kelele. Barabara nzima inasikia. Mteja aliyekuwa ameshaingiza mkono mfukoni anautoa mtupu. "Mama, ngoja kwanza," ananiambia, "nitapita kesho." Kesho hiyo mpaka leo haijafika.

Nikimwambia, "Mwimbaji, unaniharibia kazi," ananitazama kama nimemtukana.

"Nakuharibia? Mie nakusafishia duka, we mwana. Unauza takataka."

Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema samahani, wala kwa mtoto, wala kwa paka aliyemkanyaga mkia. Akikukosea alikuwa anakuletea chakula. Ukiona sahani imefunikwa kawa mlangoni kwako, jua kuna jambo amekusema mahali. Bibi alinihadithia kwamba baada ya mama kufa, Mwimbaji alikuwa anatuletea pilau kila Ijumaa, bila kukosa, mpaka nikabaleghe. Mimi na bibi tulimwona malaika. Kwa mila yake mwenyewe ningepaswa kujiuliza pilau ya miaka yote hiyo ilikuwa ya kosa gani. Sikujiuliza. Mwenye njaa haulizi sahani.

Na lazima niseme hili, maana mimi sipendi mtu anayeficha. Watu wakiniuliza nani alinisaidia, nasema hakuna. Ni kweli, kwa fedha hakuna. Lakini meza yangu ya kwanza ya kaseti ilikaa kwenye baraza ya Mwimbaji. Kodi hakutaka. Alitaka jambo moja tu, kwamba kila asubuhi kaseti ya kwanza kupigwa iwe ya kwake. Nikakubali. Nilikuwa msichana, sina mume, sina mtaji, ningekataa nini?

Hapo barazani ndipo nilipomuuliza. Nilikuwa nimeupiga ule wimbo mara nyingi hata ukanichosha, halafu siku moja nikasikiliza kiitikio, wale wanawake wa nyuma. Wanaingia pamoja kama watu wanaonyanyua kitu kizito. Nikamwendea ndani, anakuna nazi.

"Mwimbaji, kwenye kiitikio, mama yangu yupi?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Yule anayechelewa kidogo. Wenzake wameshaingia, yeye anakuja nyuma yao, anavuta. Huyo."

Nikarudi barazani nikarudisha kaseti. Nikamsikia. Kweli alikuwepo mmoja, anachelewa nukta, sauti nzito kidogo, kama mtu anayefunga mlango baada ya wenzake kupita. Nililia pale pale mbele ya wapita njia, na mimi si mtu wa kulia.

Tangu siku ile sikusikiliza wimbo ule kwa namna nyingine. Na nikwambie kazi yangu ilivyo. Kwenye redio ya kaseti ilikuwa shida kumpata, maana mbele kuna Mwimbaji anajaza nyumba. Eafoni zilipokuja, zile za mpira zinazozama ndani ya tundu la sikio, nikagundua kwamba haziko sawa. Nyingine zinamleta aliye mbele mpaka unahisi pumzi yake, na walio nyuma wanapotea kama hawakuitwa. Nyingine zinafungua nyuma: unamsikia mpiga tari yuko kushoto, fidla kulia, na wale wanawake kila mmoja na mahali pake. Hizo ndizo nilizozitafuta. Nikienda Dar kufuata mzigo, wenye maduka wananiwekea muziki wa kwao, nawaambia zima, nina wimbo wangu. Nikimsikia anayechelewa yuko wazi, nachukua. Nikimkosa, hata kisanduku king'ae vipi, naacha. Hiyo ndiyo siri yote ya duka langu. Nilikuwa nachagua kwa sauti ya mama.

Sasa hapo ndipo vita vyetu vilipokuwa, mimi na Mwimbaji. Eafoni anayoipenda yeye mimi siitaki, ninayoitaka mimi yeye anaiita takataka. Siku moja alikuja mwalimu wa kwaya wa Kilutheri, mtu mpole, mwenye asili ya watu wa bara waliokuja kwenye mashamba ya mkonge. Alitaka eafoni za kusikilizia mazoezi ya kwaya yake. Nikamwekea mbili. Mwimbaji, yuko kwenye kigoda, akamwamuru:

"Chukua hiyo nyeusi, Mwalimu. Hiyo inaimba."

Mwalimu akasikiliza nyeusi, akasikiliza ya kijivu, akarudia.

"Bibi, shikamoo yako iko pale pale," akasema, "lakini hii nyeusi ina mtu mmoja tu. Mimi nina kwaya. Hii ya kijivu nawasikia wote."

"Wote wa nini? Watu wanakuja harusini kumsikiliza nani, wote?"

"Kwetu wanakuja kuwasikiliza wote, Bibi."

"Basi ndiyo maana mnaimba mmekaa kwenye mabenchi."

Mwalimu akacheka, akanunua ya kijivu. Mwimbaji hakukanyaga dukani mpaka mwezi ulipoandama. Aliporudi alikuja na mkate wa ufuta, akauweka mezani, akasema, "Huyo mwalimu wako ana masikio ya bati." Nikaula mkate.

Alikuwa na kiburi, lakini kiburi chake kilikuwa na njaa ndani. Wimbo wake redioni haukupigwa tena, labda siku za sherehe ya taifa, na hapo kwa kipande. Vijana hawakumjua. Waliomjua walimwita bibi, hawakumwita Mwimbaji. Nyumbani hakuwa na redio nzima wala simu ya kuwekea wimbo, na hakukubali nimpe. "Nikitaka kusikilizwa nitakuja kwako," alisema. Nadhani hakutaka kujisikiliza peke yake. Alitaka awepo mtu anayemwona akijisikiliza.

Yalikuwa hivyo mpaka alipokuja bibi mmoja kutoka Pangani.

Alikuja mjini kwa daktari wa macho, mtu mzima sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Mjukuu alitaka eafoni. Nikaweka wimbo wangu, mjukuu akapima, akatabasamu, akamtia bibi yake sikio moja. "Bibi, sikiliza mambo ya zamani." Yule bibi akatulia. Kiitikio kilipoingia akaanza kucheka, mabega yanatikisika.

"Ebo! Mimi huyu!"

"Nani, bibi?"

"Huyu anayechelewa. Mimi! Nilikuwa nimekabwa na kikohozi, naiogopa ile mashine, namezameza mate, wenzangu wameshaingia. Fundi akasema turudie, wakubwa wakasema muda umekwisha. Nikaaibika mpaka Pangani."

Nikamwambia unakosea, huyo ni mama yangu, nikamtaja mama kwa jina. Akanitazama kwa macho yake yenye utando, akanishika uso kwa viganja viwili.

"Wewe ndiye kale katoto? Mwanangu, mama yako hakuenda Dar. Hakupanda gari."

"Kwa nini?"

"Gari limejaa. Mwimbaji ndiye aliyesema. Mama yako ameshasuka nywele, kitambaa chake amekikunja mkononi, anaambiwa gari limejaa. Na mimi nimekaa, pembeni yangu kuna kapu la maembe."

Nikamwomba aniambie yote. Mjukuu akawa anamvuta mkono, "Bibi, daktari," lakini yeye akakaa. Akaniambia kwamba kwenye harusi, watu wanapoinuka na fedha kwenda kutunza, wanatakiwa kumtunza aliye mbele. Ndiyo heshima yake. Lakini mama yangu akiitikia, watu walikuwa wanampita Mwimbaji, wanakwenda na noti zao mpaka nyuma, wanamtunza mwitikiaji. "Hakufanya makusudi, maskini," alisema. "Alikuwa anaitikia tu. Ilikuwa sauti ya kumwita mtu." Ikatokea mara moja, ikatokea tena, na aliye mbele anaimba huku anatazama migongo ya watu.

"Ilikuwaje, hiyo sauti?"

Yule bibi akafikiri sana.

"Nzuri," akasema.

Hilo tu. Nzuri. Nimesubiri maisha yangu yote na neno lenyewe ndilo hilo.

Sikwenda kwa Mwimbaji siku ile, nilijijua. Nilifungua duka kama kawaida, nikauza, nikakaa na donge langu mpaka likakauka kidogo. Wakati huo yeye alikuwa hatoki tena, miguu imemgomea. Nikachukua eafoni bora kuliko zote nilizopata kuuza, zile za kijivu, zenyewe zinazofungua nyuma, nikatia kwenye mkoba na simu. Sikujua nazichukua za nini. Labda nilitaka aisikie ile sauti inayochelewa huku ananitazama usoni.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kitanda cha kamba, jua la asubuhi linampiga miguuni. Mpwa wake alikuwa anamnywesha uji. Wanja amepaka, umekwenda pembeni. Nikasogea karibu, maana sasa lazima umsemeshe karibu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mzigo umefika?"

"Haukufika. Amekuja mwitikiaji wako wa Pangani."

Akasukuma kijiko cha uji. Mpwa akatutazama, akaondoka na bakuli lake.

"Bado yu hai yule?"

"Yu hai. Amejisikia kwenye wimbo. Anasema anayechelewa ni yeye."

Kuku wakapita chini ya kitanda.

"Mbona ulinidanganya?"

"Ulikuja na macho yale," akasema. "Umesimama mlangoni kwangu kama kifaranga. Ulitaka sauti, nikakupa sauti."

"Umenipa ya mtu mwingine."

"Ikakulisha. Haikukulisha? Nyumba umejenga kwa nini, kwa bajia?"

Mimi nimejibizana na askari wa manispaa, nimejibizana na wenye maduka wa Dar, hajapata kutokea mtu wa kunifunga mdomo. Hilo lilinifunga. Nikakaa chini kwenye mbuzi ya nazi iliyokuwa hapo. Nikasema:

"Ulimnyima gari."

"Nilimnyima."

"Basi niimbie. Umekaa naye miaka. Niimbie alivyokuwa anaitikia. Mara moja tu, nami sitakuuliza tena."

Alifumba macho. Aliweka mkono kifuani, kama walivyokuwa wakiweka wa zamani, akavuta pumzi, nikaona shingo inanyanyuka. Midomo ikafunguka. Haikutoka hata pumzi. Akakaa hivyo, mdomo wazi, halafu akaufunga.

"Siwezi," akasema. "Ningeweza ningemwacha nyumbani?"

Wala hakulia, wala mimi sikulia. Nikainuka nifunge mkoba wangu, na yeye akauona.

"Umekuja nazo? Nipe nijisikie."

Wallahi nilitaka kuondoka. Lakini nilishazitoa, mkono umeshazoea. Nikamfuta masikio kwa upindo wa leso yake, nikamtia la kulia, nikamtia la kushoto, akasema Bismillahi yake, nikawasha. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikawa naisikia mimi niliyesimama: fidla, kodiani, halafu yeye, kijana, anajaza ua mzima kutoka kwenye vidude viwili vidogo.

Uso wake haukubadilika.

"Dumbaki naisikia," akasema. "Mimi niko wapi?"

Wimbo ulikuwa umefika katikati, anaimba kwa nguvu zake zote.

"Mimi niko wapi? Nimekwenda wapi mimi?" Akazishika kwa vidole, akazisukuma ndani zaidi, akazigeuza. Ile hofu iliyokuwa usoni mwake sikuwahi kuiona kwa mtu ila kwa mtoto aliyepotea sokoni. Halafu akapata pa kushika. "Mbovu hizi. Umeuziwa mbovu. Umeuziwa takataka, we mwana."

Eafoni zile ndizo nzuri kuliko zote zilizopata kupita mikononi mwangu. Kwa miaka yote alipokuwa akizitukana bidhaa zangu sikuwahi kukubali, hata mara moja, hata kwa heshima ya utu uzima wake.

"Ndiyo," nikamwambia sikioni. "Mbovu. Nitazirudisha."

Akatulia. Akanipa zote mbili mkononi, akaniambia nisije nikanunua tena kwa mtu huyo. Nikasema sitanunua. Nikamwambia asante kwa pilau, kisha nikatoka, na sikurudi mpaka siku ya maziko, nilipokaa na wanawake wenzangu ndani nikasikia wakimsifu.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne na ua, hapa hapa Ngamiani, hati kwa jina langu. Nina duka lenye kabati la vioo na umeme wangu wa jua. Nina shamba la minazi Mwera. Nina cherehani moja, friji moja, na kitanda cha mninga nilichojinunulia mwenyewe. Nina wimbo mmoja, kwenye kaseti na kwenye simu, na eafoni za kijivu za kuusikilizia, ambazo siziuzi. Ukizitia unawasikia wote waliopanda gari.